Jinsi ya kudai fidia wanyamapori wakiua mtu au mifugo Kenya

Ukiamka ukute mbuzi watatu wameraruliwa zizini, usizike hata mmoja, wala usimchune ngozi. Najua inauma kuacha nyama ioze, lakini afisa akifika akakuta mifupa imekwisha kutupwa, dai lako limekufa siku hiyo hiyo.

Anza na picha: mizoga, tundu alikopitia mnyama, na nyayo. Nyayo zifunike kwa karai kabla ng'ombe hawajazikanyaga. Alama ya fisi huonyesha kucha. Ya chui kwa kawaida haionyeshi, kwani hutembea amezificha. (Duma naye huacha alama za kucha, kwa hivyo usikimbilie kuapa ni fisi.) Jina la mnyama lina uzito kwa sababu Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 hulipia walio katika Jedwali la Tatu tu: ndovu, simba, chui, fisi, nyati, kiboko, mamba na wenzao. Tumbili wanaomaliza mahindi yako hawakutajwa humo.

Ua wa zizi nao upige picha vizuri, hasa sehemu iliyo imara. Sheria inaruhusu dai la mali likataliwe ikiwa mwenyewe hakuchukua hatua za kutosha kujikinga. Picha ya miiba iliyofungwa vizuri itakutetea kuliko maneno.

Siku hiyo hiyo piga ripoti kwa chifu na kituo cha KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) kilicho karibu. Mifugo itakaguliwa na afisa wa mifugo, mimea na afisa wa kilimo, kisha utajaza fomu ya madai. Ambatisha nakala ya kitambulisho na ripoti ya tathmini. Toa nakala za kila kitu ubaki nazo. Karatasi hupotea, na atakayerudishwa mwanzo ni wewe.

Mtu akijeruhiwa, hospitali kwanza. Halafu polisi: chukua nambari ya OB (ya kitabu cha matukio cha kituo) na fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Akifariki, zitahitajika ripoti ya upasuaji wa maiti na cheti cha kifo. Familia ikubaliane mapema nani atakuwa mwakilishi. Nawasihi mlimalize hilo kabla ya fomu, maana wake wawili wakipeleka madai mawili, yote mawili yatakwama.

Dai huenda kwa kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia ya wanyamapori. Kamati ikishalithibitisha, la kifo au jeraha hupelekwa kwa Waziri anayesimamia wanyamapori pamoja na mapendekezo yake. Sheria hiyo ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mifugo na mimea hulipwa kwa bei ya soko ya wakati huo, kwa hivyo hifadhi risiti ya ng'ombe uliyemnunua mnadani.

Malipo huchukua muda mrefu. Usiache kuuliza, na ukiuliza taja nambari ya dai lako. Usiporidhika na uamuzi, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira. Siku hizo huhesabiwa tangu ulipojulishwa, kwa hivyo andika tarehe juu ya barua siku unayoipokea, mbele ya aliyekukabidhi.