"Ati mia!": jinsi ya kuandika vihisishi vinavyosikika

Binti wa jirani yangu hapa Umoja, Nairobi, akiwa kidato cha pili, aliniletea insha yake kuhusu ajali ya matatu. Dereva alisema "Lo!" Abiria wakasema "Lo!" Mama aliyevunjika mkono naye, "Lo!" Nilizihesabu, zikafika 11.

Sikumlaumu. Shuleni tunakariri vihisishi, yaani maneno ya kutoa hisia kama lo, salaala, masalale, ebo, na mtihani ukija tunajazia mapengo. Hatuambiwi kwamba kila kimoja kina kinywa chake. Kwa hivyo nilimpa kazi ambayo nakupa wewe pia: panda matatu hadi mjini, usizibe masikio kwa muziki, uandike kila mlio unaowatoka watu kabla hawajaunda sentensi.

Alirudi na hazina. Mvua ilikuwa imeanza, na kondakta akatangaza nauli ya 100 badala ya 50.

"Ati?" akauliza mzee wa kiti cha mbele.

"Mia, mzee wangu."

"Ati mia!"

Isome kwa sauti. Katika ati ya kwanza sauti inapanda. Mzee anataka arudiwe, basi ipe alama ya kuuliza. Katika ya pili uzito wote unaangukia mia. Hangoji jibu, anapinga, na hapo alama ya hisi (!) inastahili kukaa. Nyuma yake mama mmoja akasema polepole, "Woi! Na niko na watoto watatu." Binti ndiye aliyeweka alama hiyo baada ya woi. Nilimwomba aitoe aweke mkato, kwa sababu mama yule alikuwa akihesabu sarafu kiganjani, na kwa alama ya hisi tungekuwa tumempigisha mayowe ambayo hakupiga.

Kabla ya kuchagua neno, jiulize hisia inamwelekea nani. Ebo! humwendea aliyevuka mpaka, kama mtoto anayemjibu nyanya yake vibaya. Ala! fupi ina lawama ndani. Alaa ya kuvutwa ni ya mtu ambaye sasa ameelewa. Kumbe ni ya kugundua kuwa ulidhani vingine, na mara nyingi haihitaji alama yoyote: "Kumbe ulikuwa nyumbani." Kefule ni ya kinyaa. Hamadi! ni ya kujikwaa. Kuhusu pole nakusihi uwe mwangalifu, hasa ukitafsiri kutoka Kiingereza. Mtu akianguka mbele yako, humwambia pole hata kama hukumgusa. Samahani ni ya yule aliyemkanyaga. Nimesoma hadithi nyingi za watoto ambamo jirani mwema anaomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kisha angalia uko wapi. Mwenye punda Lamu ataita "Simile!" ili apishwe. Mwenye mkokoteni katika soko la Gikomba, Nairobi, hutoa "Sss! Sss!" nyuma ya shingo yako, na miguu yako inasogea yenyewe. Iandike hiyo sss. Haiya ya mtoto aliyeachwa na matatu, wueh ya aliyechoka, haki ya nani ya anayeapa, zote zina haki ya kuingia katika mazungumzo ya hadithi ya Nairobi. Chagua tahajia moja ushikamane nayo hadi mwisho.

Linaloumizwa zaidi na simu ni ng'o. Ni kukataa kusikobakiza mlango: "Sirudi, ng'o!" Bila kile kibainishi (') tunabaki na "ngo", ambayo inatamkwa kama mwanzo wa ngoma na haimkatalii mtu chochote. Tafuta kitufe hicho. Sauti ya ng'ombe ndiyo inayolipa neno hili nguvu zake.

Alama ya hisi nayo hukaa ikigusa neno, bila nafasi katikati, na katika usemi halisi hubaki ndani ya alama za kunukuu: "Ng'o!" alisema. Moja inatosha, tatu hazimfanyi mtu ashangae zaidi. Ukigeuza kuwa usemi wa taarifa, kihisishi na alama yake vyote huondoka na kitenzi hubeba hisia. "Lo! Nimechelewa," alisema Juma, inakuwa Juma alishangaa kuwa alikuwa amechelewa. Ng'o inakuwa alikataa katakata. Ebo inakuwa alimkemea. Wanafunzi wengi huacha lo ikielea katikati ya taarifa, na mwalimu anakata alama.

Katika nakala ya pili ya binti yule, lo imebaki moja, ya dereva. Mama aliyevunjika mkono anasema "Uuwi" mara moja tu, bila alama ya hisi, kisha anauliza mtoto wake yuko wapi.