Kabla hujaingia mgodini Potosí
Ukifika Potosí, Bolivia, usikimbilie mgodini siku hiyohiyo. Mji uko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari; ukipanda ngazi kumi tu, pumzi zinakata. Pumzika siku mbili, kunywa maji na chai ya majani ya koka, ndipo uende Cerro Rico, mlima unaochimbwa madini ya fedha tangu 1545. Barakoa nzuri usiikose, kwani vumbi la mle limemaliza mapafu ya wachimbaji wengi. Pitia soko lao, uwanunulie koka na soda. Wako kazini, jamani, wanasukuma vigari vya mawe wameinama, kwa hiyo wapishe. Kifua kikianza kubana, mwambie kiongozi wako mtoke papo hapo.