Uchovu wa kemo si uvivu, hivi ndio unaweza msaidia mgonjwa wako

Mtu wako akitoka kemo, yaani dawa kali za saratani, halafu siku mbili tatu baadaye hata kuinua kikombe ni kazi, tafadhali usimwambie ajikaze. Uchovu wa saratani hauishi kwa kulala. Mamangu alikuwa analala usiku mzima anaamka amechoka vilevile na sisi tukadhani amekata tamaa, bado naumia nikikumbuka.

Kwanza mwambieni daktari, apime damu. Inaweza kuwa damu imepungua, ama ni maumivu, kutokula, mawazo, na kila moja ina matibabu yake. Msikimbilie vidonge vya kuongeza damu kabla ya vipimo, na kama anakunywa mwarubaini msimfiche daktari.

Halafu tafuta daftari, andika kila siku ni saa ngapi ana nguvu na saa ngapi zinaisha. Ya mama ilituonyesha kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano ndio yuko sawa, tukahamisha kuoga huko. Nguvu zake ni kama tokeni za stima, zikibaki kidogo huwezi washa pasi na kuchemsha maji pamoja. Aoge akiwa amekaa kwa stuli, maji achotewe, sufuria zioshwe na wengine. Lakini kile anapenda mwachieni! Mama alitaka kuchambua osuga, yaani mboga ya managu, mwenyewe, tukimnyang'anya analia, basi tukawa tunamwekea karai mapajani pale chini ya mwembe, anachuma majani machache anafunga macho kidogo anaendelea, saa nzima kwa fungu moja, na siku hiyo anakula.

Daktari akikubali, atembee. Hata hadi kwa geti na kurudi, dakika tano, pole pole aongeze, hii inasaidia kuliko kulala kutwa. Mchana alale kama nusu saa tu ndio usiku usingizi uje. Chakula kidogo kidogo, uji wa wimbi, omena, mayai, maji karibu na kitanda.

Siku ya kliniki ukitoka Ahero hadi Kisumu na matatu, foleni, kurudi jioni, kesho yake msipange kitu. Na wageni wa kanisa, jamani, wanakuja kwa upendo lakini wanakaa masaa mawili na mgonjwa anajilazimisha kuketi. Waambie robo saa, kwa heshima, mlangoni kabla hawajaingia.

Kama anatibiwa kwa mionzi, uchovu unajijenga wiki baada ya wiki na unaweza endelea hata ikiisha.

Nunua thamomita. Akiwa kwa kemo na joto lifike 38, ama akose pumzi, moyo uende mbio, aanze kuchanganyikiwa, huo si uchovu wa kungojea kliniki, mpeleke hospitali usiku huohuo.