Mama Akisema Mkono Unakufa Ganzi: Kwa Mlio Mbali na Tanga

Mama yuko Ngamiani, mimi niko ughaibuni, tunaonana kwenye simu. Alinieleza kuwa mkono wa kulia unamwamsha usiku kwa ganzi na kuchomachoma. Nikamuuliza ukimwamsha anafanyaje. Hakujibu, aliukung'uta mbele ya kamera kama mtu aliyenawa akakosa kitambaa. Kule kukung'uta ni dalili kubwa ya neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono.

Alikokwenda mara ya kwanza alipewa vidonge vya maumivu na hakuna aliyemshika kiganja. Iliniuma sana. Ndugu zangu, kabla ya kutuma hela ya vipimo vya mashine, ulizeni kama mkono wenyewe umekaguliwa.

Anzeni na vidole. Neva hiyo hupita kwenye njia nyembamba pamoja na kano 9, na huhudumia gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Mama aliweka chini ukili aliokuwa akisuka, akavigusa kimoja kimoja, cha mwisho akakiruka. Kama ganzi ingekuwa kwenye kidole hicho, ningefikiria neva nyingine.

Kisha akutanishe migongo ya viganja, vidole vikitazama chini, kwa sekunde 60. Ganzi ikija kwenye vidole vilevile, amweleze daktari. Daktari naye atagongagonga kifundo kwa ncha ya kidole na kukibonyeza kwa gumba sekunde 30. Lakini hakuna jaribio moja linalotosha, na wengine wanaumwa kweli huku majaribio yote yakinyamaza.

Kinachosahaulika zaidi ni nguvu. Kiganja kikitazama juu, gumba lisimame kuelekea dari, daktari alisukume chini, alinganishe na mkono wa pili. Nyama ya shina la gumba ikiwa imebonyea, msingoje. Ombeni rufaa, hata hospitali ya Bombo pale Tanga. Shingo ikaguliwe pia, na sukari ipimwe. Ganzi ya ghafla pamoja na mdomo kwenda upande ni dharura nyingine kabisa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Wengi hupata nafuu kwa kuvaa usiku kifaa kinachonyoosha kifundo. Ukitaka kumtumia, mwambie azungushe uzi kwenye kifundo, aulaze kwenye rula, akusomee sentimita.