Kumpa mgonjwa dawa nyumbani, vile tufanyavyo wodini

Haya ndugu zangu, wengi mwaniuliza kuhusu kumpa mzee dawa nyumbani, basi leo naandika hatua kwa hatua. Mie ni nesi hapa Lamu, wagonjwa wangu wengi ni wazee wa sukari na presha.

Hatua ya 1, jina. Mwaona rahisi eh? Lamu hii ukiita Mohamed Ali wodini waitika watatu. Nilipokuwa mgeni kazini nilimwendea mzee mmoja na vidonge vya presha, nikamuuliza "wewe ndo Mohamed Ali?" akanambia naam, nikamtilia kiganjani, bahati mwanawe akauliza, baba ana presha tangu lini? Kumbe mzee hasikii vizuri, kila aulizwalo yeye naam kwa adabu tu. Tangu siku ile simtajii mtu jina, yeye ndo anitajie lake, la baba na la babu, kisha natazama chati. Na nyumbani yatokea pia maana dawa za babu na bibi mwaziweka kikapu kimoja. Zitengeni.

Hatua ya 2, soma karatasi mara tatu: ukiichukua dawa, ukiitoa, ukiirudisha.

Hatua ya 3, kipimo. Bahasha ikiandikwa 2x3 ni vidonge viwili mara tatu kwa siku, si vitatu mara mbili, wala si sita kwa mpigo (nimeyaona haya kwa macho yangu). Dawa ya maji tikisa chupa kwanza, na kijiko kwenye maandishi ni mililita 5, vijiko vya jikoni kila kimoja na ukubwa wake, kwa iyo omba sirinji isiyo na sindano upimie.

Hatua ya 4, wakati. Mara tatu ni karibu kila masaa 8. Wazee wetu hupenda kufungamanisha dawa na swala na mie naiunga mkono sana, ila chagua swala zenyewe: alfajiri, adhuhuri na isha zimeachana vizuri, lakini ukimpa alasiri, magharibi na isha basi zile mbili za mwisho zimepishana saa moja na kitu tu. Ukisahau na dozi nyengine ishakaribia, iache ile, usimpe mbili pamoja.

Hatua ya 5, mkalishe wima kabla hujampa chochote na abaki vivyo kama nusu saa, akilala chali dawa yaweza kupita njia ya pumzi. Aliyepooza mjaribu na maji kidogo kwanza, akipaliwa simama hapo. Na madhali ushamuinua, mtazame kalio, mgongo na visigino. Ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa iyo gusa, pakiwa moto au pagumu kuliko pengine kidonda cha kulala sana chaja. Asiyeweza kujigeuza mgeuze kila masaa mawili.

Hatua ya 6, daftari. Binti wa asubuhi kampa, wa mchana hajui, ampa tena. Andikeni saa na dawa.

MASWALI

Mama Swaleh, Langoni: Mamangu hawezi kumeza, niponde vidonge nimtilie kwenye uji?

– Vyengine ndio, vyengine la. Vilivyoandikwa SR, XR au retard huachia dawa polepole, ukiponda yamwingia yote kwa pamoja. Muulize mfamasia kabla hujashika kinu. Na usitie bakuli zima, akiacha nusu hutojua kameza kiasi gani, tia kijiko kimoja cha uji tu.

Kijana wa Faza: Insulini ya baba (sindano yake ya sukari) niliitia kwenye kisanduku cha barafu ya samaki nikapanda nayo boti, imefika imeganda, nimeiacha imeyeyuka. Yafaa?

– Haifai, hata ikionekana safi. Nenda hospitali ya hapo Faza leo hii, baba asikae bila. Siku nyengine izungushie taulo isigusane na barafu. Isiyofunguliwa yakaa kwenye friji, digrii 2 mpaka 8, si kwenye friza. Ikishafunguliwa nyingi zakaa nje kivulini wiki 4, soma karatasi yake. Huna friji, tia chupa ndani ya kopo kavu, kopo ndani ya mtungi wa udongo wenye maji chini.

Ali wa Shela: Bibi kalio limeanza kuchubuka, shangazi amsugua mafuta ya nazi kila jioni ati damu itembee.

– Kusugua penye mfupa palipokwisha umia kwazidi kuharibu nyama za ndani. Mwambieni kwa upole. Mlazeni ubavu, mto chini ya miguu visigino visiguse godoro, na hapo palipochubuka nesi apaone kabla hapajachimbika.

Shangazi yake Ali: Nami nasoma hapa. Basi miguu nisimpake?

– Shikamoo shangazi. Miguu mpake, visigino pitisha mkono tu.