Kabla ya Masika, Zahanati ya Mtaani Ikaguliwe

Masika huishika Nairobi kuanzia Machi. Anayeishi Mathare, au Mukuru kando ya Mto Ngong, anajua mambo yanavyokwenda: vyoo hufurika, mabomba ya plastiki yaliyopitishwa mitaroni huingiwa na maji machafu, kisha majirani huanza kuharisha, na hofu kubwa ni kipindupindu. Hospitali kubwa huja kusikia baadaye. Anayekutana na mgonjwa wa kwanza ni muuguzi wa zahanati, au mhamasishaji wa afya anayepita mlango kwa mlango, kwa hiyo ukaguzi uanze kwao jua likiwa bado linawaka.

Mhamasishaji wa ploti yenu unamjua kwa jina? Wenzake zaidi ya laki moja nchi nzima walizinduliwa Septemba 2023, na kila mmoja hukabidhiwa nyumba kama mia moja, mkoba wa vipimo na simu ya kuripotia. Muulize kama mashine ya presha ina betri na simu ina bando. Kisha muulize posho iliingia lini. Ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na ikichelewa atakwenda kutafuta kibarua kingine. Hapo nyumba mia moja zinabaki bila jicho, na hakuna mtambo wa kuziba pengo hilo.

Ndani ya zahanati, omba kuona rejista. Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko popote. Kipindupindu hujitokeza saa chache hadi siku tano baada ya mtu kumeza vijidudu, na choo chake hufanana na maji yaliyooshewa mchele. Watu watatu wa ploti moja wanaweza kufika siku moja, wawili asubuhi na mmoja jioni, wakahudumiwa na wauguzi wawili tofauti, na asiwepo wa kuwajumlisha. Kwa hiyo pigeni mstari muongeze safu moja: "Maji mnachota wapi?" Mitaa yetu haina namba za nyumba, lakini kila mtu anajua kibanda cha maji anachonunua mtungi wake. Majibu matatu yanayofanana yanatosha kuinua simu.

Na simu hiyo inapigwa kwa nani? Namba ya afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo ibandikwe ukutani, isikae kwenye simu ya msimamizi ambaye huenda yuko likizo. Wataalamu hutumia kipimo cha 7-1-7: siku 7 kugundua mlipuko, siku 1 kuripoti, siku 7 kukamilisha hatua za kwanza. Kwa kipindupindu, siku saba za kugundua ni nyingi mno.

Stoo haihitaji maneno mengi. ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha), zinki ya watoto, dripu na klorini, tarehe zikiwa hazijapita. Klorini iliyokwisha kuchanganywa hupoteza nguvu, basi ichanganywe kila siku: asilimia 0.05 ya kunawa mikono, 0.5 ya sakafu na vyombo. Nyumbani, pakiti ya ORS ikikosekana, lita moja ya maji safi hupokea vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Zahanati nyingi hufunga jioni, ilhali kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache. Pangeni mapema nani ana gari usiku, na barabara gani haizami. Bodaboda haimfai mtu anayetapika na kuishiwa nguvu.

Msisahau hofu. Mwaka 2020, wakati wa korona, waliopelekwa karantini ya lazima walidaiwa gharama zake, na wengi wakaogopa hata kupimwa. Mgonjwa aambiwe mapema, kwa maneno ya wazi, atalipa nini na hatalipa nini, kabla uvumi wa mtaani haujamjibia.

Mwisho, nenda kwenye sinki la zahanati saa nane mchana, siku ya mgao wa maji, ufungue bomba. Likikoroma tu bila kutoa tone, hela za kwanza za kamati ya zahanati ziende kwenye tanki.