Saintpaulia yako ikilegea, usikimbilie maji

Majani yakilegea na udongo bado umelowa, usimwagilie tena. Hilo ndilo neno langu la kwanza kwa kila anayeniletea saintpaulia inayokufa, lile ua dogo la kopo ambalo Wazungu huliita African violet, maana nyingi ninazoletewa zimeozeshwa na maji, hazina kiu hata kidogo.

Mimi mzaliwa wa Muheza, na ua hili ni la kwetu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ulaya kutoka Tanga, na leo limejaa kwenye madirisha ya watu huko. Ukitaka kujua linapenda nini, kwea hadi msitu wa Amani, kwenye milima ya Usambara, ulitazame kwenye makazi yake: limeng'ang'ania nyufa za miamba, kivulini mwa miti mikubwa, karibu na vijito. Mizizi yake ni mifupi, imeshika konzi moja tu ya majani yaliyooza. Hewa ina unyevu, lakini maji hupita, hayatuami.

Sasa litoe kwenye kopo. Mizizi mizima ni myeupe na imekaza. Iliyooza ni ya kahawia, inapondeka vidoleni na kunuka. Ikiwa imeoza yote, usilitupe bado. Chukua kisu kikali ulichokifuta kwa spiriti, ukate shina kutoka chini, kipande chembamba baada ya kipande. Katikati ya shina utaona rangi ya kahawia. Endelea kukata mpaka ubaki ukijani mtupu. Ukiacha hata nukta ya kahawia, uozo utapanda tena. Ng'oa majani ya chini, bakiza yale machanga ya katikati, kisha liache kivulini saa chache kidonda kikauke.

Lipande kwenye kopo dogo lenye matundu. Mimi huchanganya vumbi la makumbi ya nazi, mchanga wa mto wa chenga kubwa na mkaa uliopondwa. Makumbi ya pwani yana chumvi, kwa hiyo yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa kwanza. Lowesha kidogo, funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, weka mahali pasipopigwa jua. Baada ya mwezi hivi, livute taratibu: likigoma kutoka, limeshika mizizi, basi anza kufungua mfuko kidogo kidogo.

Shina likiwa limeoza mpaka juu, okoa majani. Chagua jani zima, bakiza kikonyo cha sentimita tatu, kata mshazari, chomeka kwenye mchanganyiko uleule. Vichanga hutokea chini ya kikonyo, na hapo subira inahitajika kwelikweli. Wengine huona miezi miwili haina kitu wakatupa jani lililo hai.

Likishapona, mwagilia kwa chini. Weka kopo kwenye sahani ya maji kwa nusu saa, kisha mwaga yanayobaki. Usirudie mpaka udongo wa juu uwe mkavu ukiugusa. Tumia maji ya mvua ukiyapata, kwani visima vingi vya Dar vina chumvi, na ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa kopo ujue imeanza kujikusanya. Maji ya friji ni marufuku: yakidondokea jani lenye joto huacha madoa yasiyofutika. Vumbi la majani liondoe kwa brashi laini, maana vile vinyweleo vyake havipendi kitambaa.

Dirisha la mashariki ndilo bora. Majani yakirefuka vikonyo na kunyooka juu, mwanga haulitoshi; yakipauka, umezidi. Nyuzi 18 hadi 24 zinalifaa, kwa hiyo Dar lipe chumba chenye ubaridi kuliko vyote, ila upepo wa kiyoyozi usilipige moja kwa moja. Vidung'ata, ile mipamba myeupe kwenye maungio ya majani, viguse kimoja kimoja kwa pamba yenye spiriti.

Na tafadhali, usilichimbe msituni. Aina kadhaa za huko zimebaki chache mno. Omba jani kwa jirani, linatosha kabisa kuanzia.